Kona ya Sindano: Mablanketi Mawili kwa Nguo Zilezile

  Sisi wa sindano vidole vimechomwachomwa kidogo, lakini ndo kazi yenyewe. Mwezi uliopita tulishona vishikio vya sufuria. Aksanti kwa wote mliokuja kutuonyesha vyenu. Wengine mmeshona vizuri kutushinda, na hatuoni wivu, tunafurahi tu.

Mwezi huu tunaingia kazi kubwa zaidi. Tunataka tushone blanketi la viraka, lile ambalo wazee wa pwani huliita mfarishi. Halafu siyo moja. Tutashona mawili, yanayofanana kama mapacha, kwa nguo zilezile za nyumba moja. Msiogope. Hatutaki cherehani, hatutaki vitambaa vipya vya dukani. Tunataka sindano, uzi, mkasi, na nguo ambazo tayari unazo ndani ya lile furushi chini ya kitanda.

KWA NINI MAWILI?

Kila mtu hapa anajua jibu, ila tuseme wazi. Kambi yetu ya Nyarugusu ilianza mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka ule leo ni baba au mama wa watoto. Katika miaka yote hiyo tumeona watu wakija na watu wakienda. Kuna waliotoka Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 wakaletwa huku. Kuna ndugu zetu Warundi waliofika kwa wingi mwaka 2015, na tangu 2017 wapo waliopanda misafara ya kurudi kwao. Kuna waliopanda ndege kwenda Marekani, Kanada na kwingine. Na kuna wale waliokuwa wamekwisha kuaga majirani, wamegawa sufuria na viti, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha programu yake ya kupokea wakimbizi, wakarudi kukaa kwenye nyumba tupu.

Katika hali hii, familia moja huweza kugawanyika mara mbili au tatu. Dada anakwenda, mama anabaki. Kaka anarudi Burundi na mke wake, bibi anasema miguu yake haitaki safari tena. Siku ya kuondoka mizigo ni ile inayobebeka tu, na nguo kuukuu ndizo za kwanza kuachwa. Shati la baba lililopasuka kwenye viwiko, nani atalibeba? Kikwembe cha bibi kilichopauka, nani atakiweka kwenye begi wakati hakuna nafasi hata ya viatu vya mtoto? Linaachwa shati, kinaachwa kikwembe, na baada ya miaka michache mtoto aliyekwenda mbali hana hata kipande kimoja cha nyumba aliyozaliwa.

Picha za simu zipo, ndiyo. Lakini simu inaibwa, inaanguka kwenye maji, memori inajaa. Tena picha huwezi kujifunika.

Ndiyo sababu tunasema mawili. Kila nguo ikatwe vipande viwili viwili. Kipande kimoja kiende kwenye blanketi la anayekwenda, kipande cha pili kiende kwenye blanketi la anayebaki. Mtoto akiwa huko mbali akiuliza, "Hii nyekundu yenye maua ni ya nani?" mama yake atamwambia, "Ni gauni la bibi yako, na bibi naye analo hilohilo ua kwake, pale pale kwenye kona." Hapo watoto wawili ambao pengine hawatakutana kwa miaka mingi wanakuwa na kitu kimoja cha kuongea kwenye simu.

"LAKINI VIRAKA SI AIBU?"

Mama mmoja alituuliza hivyo tulipokuwa tunaongea habari hizi Jumamosi. Alisema, "Dada zangu, mimi nilikimbia nikiwa na nguo zenye viraka. Sasa nimempatia mwanangu zawadi, nimpatie tena viraka?"

Swali lake ni la haki na tunalijibu kwa heshima. Kiraka cha kuziba tundu ni kitu kimoja. Hicho unakiweka kwa sababu nguo imeshindwa. Kiraka cha blanketi hili ni kitu kingine, maana hapa hatuzibi kitu. Tunachagua sehemu nzima ya nguo, ile iliyo nzuri, tunaiweka mahali ionekane. Na hatuko peke yetu katika kazi hii. Hebu sikilizeni habari za watu wawili.

Wa kwanza wako India. Katika jimbo la Karnataka wanaishi watu wanaoitwa Wasidi. Mababu zao ni Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa, na wengine walipitia Goa mikononi mwa Wareno. Leo wako Wasidi Waislamu, Wakristo na Wahindu. Lugha za mababu wengi wamezipoteza. Lakini wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka kwa sari na nguo kuukuu za nyumbani, wanayaita kawandi, na hayo yanajulikana sasa mpaka nje ya India. Wanayashona kwa mkono, bila cherehani. Njia yao ndiyo tunayowafundisha mwezi huu, kwa sababu inafaa kabisa mtu anayeshona amekaa kwenye mkeka.

Wa pili wako Marekani. Katika jimbo la Alabama, mahali mto unapojikunja, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Wanaokaa pale ni uzao wa watumwa wa mashamba ya pamba. Mwaka 1942 mama mmoja wa huko, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake. Akachukua nguo za kazi za marehemu, zile za shambani, akazikata na kushona blanketi ili amkumbuke akiwa amejifunika nalo. Binti yake Arlonzia alimsaidia. Hawakuwa na lengo la kuonyesha watu, walikuwa na baridi na walikuwa na huzuni. Lakini mwaka 2002 mablanketi ya wanawake wa kijiji kile yaliwekwa kwenye jumba la makumbusho huko Houston, halafu New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayachapa kwenye stempu. Basi mama, viraka siyo aibu. Inategemea umevishona kwa nini.

KABLA YA MKASI: ULIZA

Jambo hili msilirukie. Nguo ya mtu haikatwi bila yeye kukubali. Kama mwenyewe yuko hai, mwambie, "Baba, naomba lile shati lako la bluu, nataka kulitia kwenye blanketi la watoto." Mara nyingi atacheka na kukupatia. Pengine atakuambia alilinunua wapi, na hiyo habari nayo iweke.

Kama ni nguo za marehemu, hapo kuna desturi. Kuna familia ambazo nguo za marehemu hugawiwa na wazee baada ya kumaliza matanga, kuna wanaozitoa zote, kuna wasiopenda zikatwe hata kidogo. Tuheshimiane. Keti na mashangazi na wajomba, ongea na mama mkwe. Wakisema hapana, basi ni hapana, tumia nguo nyingine. Blanketi la kuleta ugomvi nyumbani halimpatii mtu joto.

NGUO GANI ZINAFAA?

Nguo za pamba ndizo nzuri: vikwembe (vitenge kama wanavyosema wenyeji), khanga, mashati, sare za shule, mashuka. Ili kujua kama ni pamba, chomoa uzi mmoja mrefu, upeleke kwenye moto wa kiberiti mbali na watoto. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Nguo ya kuyeyuka tusiitie kwenye blanketi la mtoto. Nyumba zetu tunapika karibu na tunapolala, na kitambaa kinachoyeyuka kikigusa ngozi kinaganda hapo hapo.

Fulana zinavutika, zinaharibu mshono, ziache kwa kazi nyingine. Chandarua usikate, hicho kazi yake ni mbu.

Sasa pima nguvu. Inua nguo kwenye mwanga wa jua. Pale unapoona mwanga unapita kama kwenye chujio, pamekwisha, usikate pale. Vuta kwa mikono miwili, ikilia "prrr" weka pembeni. Kwenye shati sehemu za kola, viwiko na makwapa huisha mapema, lakini mgongo hubaki mzima. Kwenye gauni, tafuta upindo wa chini. Ukiufumua, utakuta ndani rangi bado ni ile ya siku liliponunuliwa.

Fua kila kitu kwanza, hata kikwembe kipya, kwa sababu pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Ya rangi kali iloweke peke yake, uisuuze mpaka maji yawe meupe. Usipofanya hivyo, nyekundu ya bibi itaingia kwenye nyeupe ya mtoto, na hapo hakuna dawa.

HESABU YA VITU

Mgongo wa blanketi: kikwembe kimoja cha yadi mbili. Tunapendekeza kile ulichobebea watoto mgongoni, mbeleko yenyewe, ile ambayo dada zetu Warundi wanaita ingobyi, kama bado ina nguvu. Yadi moja ni kama sentimita 91. Ukikata katikati unapata migongo miwili sawasawa, kila mmoja sentimita 91 kwa upana wa kitambaa, ambao kwa kawaida ni kama 115. Ukishakunja kingo utabaki na karibu 90 kwa 110. Siyo la kitanda cha mtu mkubwa. Ni la mtoto kujifunika, au mtu mzima kujifunika mabega na magoti wakati wa baridi ya Juni na Julai.

Viraka: kama huna rula, chukua karatasi ya A4, ikunje katikati, halafu ikunje tena katikati. Utapata kipimo cha karibu sentimita 10 na nusu kwa 15. Kichore kwenye kipande cha boksi, ukikate, hicho ndicho kielelezo chako. Chora kwenye kitambaa kwa kipande cha sabuni iliyokauka. Kila blanketi litataka viraka kama 100, mawili ni 200. Mgongo wa shati la mtu mzima ukitoa viraka 20, basi nguo kumi zinatosha nyumba nzima. Kila nguo gawa nusu kwa nusu: kumi huku, kumi huku.

Uzi: mistari ya mshono ikiachana kwa sentimita 2, blanketi moja litakuwa na mshono wa karibu mita 50. Sisi tunatia uzi mara mbili kwenye sindano ili uwe imara, kwa hiyo ni mita 100, na ukiongeza mafundo na vipande vinavyopotea weka 120. Mawili ni 240. Angalia mita zilizoandikwa kwenye kigurudumu kabla ya kununua, msije mkaishiwa katikati. Rangi ya uzi chagua inayoonekana, nyeupe au nyekundu, maana mshono wenyewe ni pambo.

KAZI YENYEWE

1. Kunja kingo zote nne za mgongo kwa ndani, sentimita moja. Piga bandi ikae.

2. Kata uzi wa urefu wa mkono, siyo zaidi, mrefu unajifunga. Upitishe kwenye mshumaa ili uteleze. Kama sindano inauma kidole, kifunge kidole hicho kitambaa.

3. Anzia kwenye kona moja. Chukua kiraka cha kwanza, kunja kwa ndani zile pande mbili zinazokaa ukingoni, kilingane na ukingo wa mgongo. Zile pande nyingine mbili ziache, zitafunikwa.

4. Chukua kiraka cha pili. Upande unaogusana na kile cha kwanza ukunje, kisha ulalie juu ya ukingo wa kile cha kwanza kwa upana wa kidole, ufiche nyuzi zake. Endelea hivyo ukifuata ukingo. Shona mshono wa bandi, sindano ikipita juu na chini kwenye nguo zote mbili, kila tundu liachane na lenzake kwa urefu wa punje ya mchele. Ukiwahi kushona mfuko unajua.

5. Mzunguko wa kwanza ni mita 4. Ukifika ulipoanzia, usikate. Ingia ndani sentimita 2 na uzunguke tena. Viraka vya mstari wa kwanza vikikwisha, pachika vya mstari wa pili vikilalia vya kwanza, na kingo zake zimekunjwa. Hivyo hivyo unazunguka kuelekea katikati, kama mtu anayefagia uwanja kutoka nje kwenda ndani.

6. Katikati kitabaki kishimo kidogo. Kiraka cha mwisho kinakunjwa pande zote nne. Hapa tunashauri muweke nguo ya mtu ambaye familia nzima inamhesabu kuwa ndiye shina lake.

7. Kwenye kona nne za nje, Wasidi hawamalizi bila kutia vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua. Kwao blanketi lisilo na phula ni kama liko uchi. Kunja mraba mdogo mara mbili upate pembetatu, ushonee kwa ndani ya kona, ncha itoke nje.

Pacha wa pili afuate mpangilio uleule. Ili usichanganyikiwe, panga viraka vyote viwili viwili kabla ya kuanza. Kiraka cha shati la baba kikiwa cha tatu kutoka kona huku, na huku kiwe cha tatu. Tena ni vizuri watu wawili washone kwa pamoja, kila mmoja lake, mkeka mmoja. Na washone wabadilishane: anayebaki ashone la anayekwenda, anayekwenda ashone la anayebaki. Hivyo kila mmoja anabaki na mkono wa mwenzake, siyo nguo tu.

Baba na vijana wa kiume, msigeuze ukurasa. Mafundi wengi sokoni ni wanaume, kwa hiyo sindano haina ubaguzi. Kama hutaki kushona, kata viraka, chora kwa sabuni, simulia habari za nguo.

SIKU NGAPI?

Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize sana. Mtu mwenye watoto, foleni ya maji na kuni za kutafuta, akijitahidi atashona mita moja na nusu kwa jioni moja kabla giza halijaingia. Gawanya mita 50 kwa hiyo moja na nusu. Ni jioni 33. Mwezi mzima na siku kadhaa, na hapo hujaugua wala hujafiwa na jirani.

Sasa jiulize: jina likitoka kwenye tangazo, utapewa mwezi mzima wa kukaa kwenye mkeka? Wiki ile ni ya kukimbia huku na huku, karatasi, kuaga, kulia. Sindano haina nafasi. Kwa hiyo usingoje tangazo. Shona sasa hivi, wakati wote mko chini ya turubai moja, wakati bibi bado anaweza kukuambia gauni lile alilivaa harusi ya nani. Na kama safari haitatokea kabisa, hujapoteza kitu. Mtakuwa na mablanketi mawili nyumbani, na ya kujifunika hayajawahi kuzidi.

MANENO MACHACHE JUU YA MTOTO MCHANGA

Blanketi hili usitie vifungo wala shanga, mtoto atatia mdomoni. Mtoto mchanga akilala asifunikwe uso, na nguo zisilundikwe juu yake. Mtoto aliyezaliwa mdogo sana joto lake bora ni ngozi ya mama yake, kifua kwa kifua, kama wauguzi wanavyofundisha, halafu nguo iwe juu ya wote wawili.

KAZI NDOGO YA MWISHO: MFUKO WA KARATASI

Vipande vikibaki, shona mfuko wa karatasi za familia. Unga viraka mpaka upate kitambaa kirefu, sentimita 26 kwa 82. Pinda ncha mbili, sentimita moja kila upande, ibaki 80. Kunja sentimita 32 kwenda juu, shona pande mbili kwa ndani, kisha geuza. Zile 16 zilizobaki juu ndizo kifuniko, nazo zipinde kando. Karatasi ya A4 inaingia bila kukunjwa. Tia kamba ndefu ya kuvaa shingoni. Kitambaa kinapitisha maji, kwa hiyo karatasi zikae kwanza ndani ya nailoni ngumu. Cheti cha kuzaliwa, karatasi za hospitali, vyeti vya shule, vyote mahali pamoja, na kila mtu wa nyumba ajue mfuko unatundikwa wapi. Hii ni zawadi nzuri kwa bibi na bwana harusi, kuliko glasi sita ambazo zitavunjika.

KAZI YA NYUMBANI

Wiki hii msishone bado. Fungueni lile furushi. Toeni nguo moja moja, waulizeni wakubwa ni ya nani na ilitoka wapi. Mtoto anayejua kuandika aandike kwenye daftari: shati la bluu, la baba, alilivaa tulipovuka ziwa, kikwembe cha njano, cha shangazi, zawadi ya ubatizo. Fungeni daftari pamoja na nguo. Viraka vinaweza kupauka baada ya miaka, maandishi yatasaidia.

Wenye swali watukute Jumamosi mchana mahali petu pa siku zote. Njoo na sindano yako, uzi tutagawana kama upo. Asiyeona vizuri aje na mjukuu wa kumtungia uzi.

Mwezi ujao tutatazama jinsi ya kufua blanketi la viraka bila kuliharibu, na jinsi ya kushona viatu vya kitambaa vya mtoto anayeanza kusimama. Mpaka wakati huo, tunawatakia vidole vizima na uzi usiokatika.

Ni sisi wenu wa Kona ya Sindano.